Mkono wa Mwisho

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Wahenga waliyasema hayo kwa ajili ya vyombo vya baharini, lakini mimi niliyekula umri wangu mwingi karibu na mashine za kukereza huyakumbuka kila ninaposhika kidude kimoja kidogo, kisichozidi sana ukucha wa kidole gumba. Kidude hicho ni ncha ya kukatia chuma. Hufungwa kwa skrubu kwenye kishikio, shafti ikazungushwa mbele yake, na maranda ya chuma yakaanza kuruka yakiwa ya buluu kwa joto. Mgeni akiingia karakana hutazama maranda. Mkerezaji hutazama ncha.

Nataka kuzungumza nawe, ndugu msomaji, juu ya ncha hiyo na juu ya tanuri iliyoizaa, kwa sababu humo nimejifunza jambo moja kuhusu lawama ambalo sikulipata katika hotuba yoyote.

Tuanze na kitendawili chenyewe. Chuma hakikatwi ila na kitu kigumu kuliko chenyewe. Lakini kitu kigumu mno huwa na tabia ya kioo: kikigongwa, hupasuka. Na kitu kisichopasuka, mfano wa shaba, huwa laini, nacho hakikati. Mwanzoni mwa karne ya 20 mafundi wa Marekani, Frederick Taylor na Maunsel White, walikuwa wamekwisha kupata njia ya kukichoma chuma chenye tangsteni hata kikaweza kukata kikiwa kimepata moto sana, na mwaka 1900 dunia ilikiona kikifanya kazi kwenye maonyesho ya Paris. Yalikuwa maendeleo makubwa. Hata hivyo, joto likifika nyuzi 600 hivi za Selsiasi, chuma hicho nacho huanza kulegea, na mkerezaji hulazimika kupunguza mwendo.

Jawabu lililofuata halikutoka karakana ya chuma. Lilitoka kwenye kiwanda cha taa. Huko Berlin, kampuni ya Osram ilihitaji kuvuta waya mwembamba wa tangsteni kwa ajili ya globu za umeme. Waya huo ulipitishwa katika matundu ya almasi, na almasi ni ghali. Karl Schröter na wenzake wakatafuta kitu kingine kigumu cha kutoboa matundu hayo. Walijua kabaidi ya tangsteni, yaani tangsteni iliyoungana na kaboni, kuwa ni ngumu ajabu. Mfaransa Henri Moissan alikuwa ameitengeneza katika tanuri yake ya umeme miaka ya 1890. Ila ilikuwa ikivunjika ovyo. Schröter akaisaga kabaidi ikawa unga, akaichanganya na unga wa metali laini zaidi, akaishindilia, kisha akaioka. Hati ya haki ya uvumbuzi wake iliombwa mwaka 1923. Kampuni ya Krupp ikaununua ujuzi huo, ikaufanyia biashara kwa jina la Widia, maneno mawili ya Kijerumani yaliyofupishwa, maana yake "kama almasi".

Angalia basi akili iliyomo humo. Hakuitafuta metali moja yenye ugumu na ustahimilivu kwa pamoja. Alichukua viwili vilivyo kinyume akavioanisha: punje ngumu za kabaidi, na kati yake kobalti iliyozishika kama udongo unavyoshika mawe ya ukuta. Kobalti ikiwa kidogo, tuseme asilimia 3, ncha huwa ngumu lakini yenye hasira ya kuvunjika. Ikiongezwa hata kufika asilimia 20 au 25, hustahimili vipigo vikubwa lakini huisha upesi. Za kukerezea nyingi huwa karibu na asilimia 6 mpaka 10. Mtu aweza kudhani kwamba ukijua kipimo cha unga umemaliza kazi. La hasha. Unga uleule, wa kipimo kilekile, waweza kuzaa ncha njema au takataka. Tofauti hufanyika motoni.

Wale waliokua karibu na wafinyanzi watanielewa haraka. Mama anayefinyanga chungu hakitii motoni kikiwa kibichi. Hukianika kwanza kivulini ili maji yatoke taratibu. Akifanya pupa, maji yaliyomo hugeuka mvuke, na chungu hupasuka kwa kishindo. Unga wa kabaidi nao, kabla ya kushindiliwa, huchanganywa na nta kidogo ili ushikamane ndani ya kalibu. Kipande kinachotoka hapo huonekana kimekamilika, chenye pembe zake na tundu lake la skrubu, lakini ukikibana kwa vidole hukatika mfano wa chaki. Karibu nusu yake ni nafasi tupu. Nta hiyo lazima iondolewe polepole, joto likipandishwa kwa saa kadhaa hadi nyuzi 400 au 500. Ukiharakisha, hutoka kwa nguvu ikaacha nyufa. Usipoiondoa sawasawa, hubaki ikawa kaboni ya ziada ambayo hukuihesabu.

Baada ya hapo joto hupanda. Kabaidi yenyewe haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 2,700, na kobalti peke yake huyeyuka kwenye 1,495. Lakini vikiwa pamoja hufanyika jambo la ajabu: kobalti huanza kuiyeyusha kabaidi kidogokidogo ndani yake, na mchanganyiko huo huwa majimaji karibu na nyuzi 1,300, chini ya kiwango ambacho kobalti ingeyeyuka peke yake. Majimaji hayo huzilowesha punje kabisa, kama mafuta yanavyolowesha utambi, na kwa kuzilowesha huzivuta zisogeleane. Kipande hunywea. Kilichoingia kikiwa na milimita 12 hutoka na 10 hivi, na kwa ujazo hupoteza karibu nusu. Ndiyo maana anayechonga kalibu lazima achonge kikubwa kuliko anachokitaka. Hufanya kazi akiwa na picha ya kitu ambacho bado hakipo.

Kiwango cha mwisho huwa kati ya nyuzi 1,350 na 1,500, na kipande hukaa hapo kwa muda, mara nyingi saa moja hivi. Joto likipungua, au muda ukifupishwa, vitundu havifungi. Kila kitundu ni mwanzo wa ufa. Basi mtu atasema: tuongeze moto, tuongeze muda, tuwe na uhakika. Hapo napo kuna mtego. Punje ndogo hufa motoni na kubwa hunenepa kwa mabaki yake: zile ndogo huyeyuka ndani ya kobalti, kisha huja kuganda juu ya kubwa. Ukikawia mno, ncha iliyokuwa na punje laini za chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita huwa na punje nene, na ugumu wake hushuka. Watengenezaji huongeza kabaidi kidogo ya vanadi au ya kromi ili kuzuia punje zisikue, lakini dawa hiyo haiwezi kumwokoa aliyelala akiiacha tanuri ikiwaka.

Tena kuna kaboni, na hapa ndipo penye ncha ya wembe. Kabaidi ya tangsteni iliyo kamili ina kaboni asilimia 6.13 kwa uzito. Ikizidi kidogo, kaboni ya ziada hujitenga ikawa madoa meusi ya grafiti, laini kama risasi ya penseli. Ikipungua kidogo, tangsteni, kobalti na kaboni hufanya mchanganyiko mwingine ambao wataalamu huuita kwa herufi ya Kigiriki, eta. Huo ni adui. Hula kobalti iliyotakiwa kushika punje, na wenyewe hupasuka upesi. Nafasi salama kati ya kuzidi na kupungua ni sehemu ndogo tu ya asilimia moja. Na kaboni haipotei kwa wizi unaoonekana: unga uliokaa wazi hupata oksijeni, kisha tanurini oksijeni hiyo hushikana na kaboni, zikatoka pamoja kama gesi. Hewa ya ghala, unyevu, gesi iliyobaki tanurini, vyote huandika historia yao ndani ya kipande.

Wako ndugu wa ncha hizi wanaoitwa sermeti, jina lililounganishwa kutokana na seramiki na metali. Hao badala ya tangsteni hutumia kabaidi ya titani, nao hushikwa kwa nikeli au kobalti. Walikuwa wakisumbua, kwa kuwa nikeli iliyoyeyuka haikulowesha titani vizuri, mpaka mwaka 1956 Humenik na Parikh wa kampuni ya Ford walipoonyesha kwamba molibdeni kidogo huwapatanisha. Baadaye naitrojeni ikaingizwa katika mchanganyiko, punje zikawa laini zaidi, na sermeti zikapendwa hasa Japani kwa kukereza mkato wa mwisho wa chuma, ule unaoacha uso uking'aa. Lakini naitrojeni imeleta masharti yake. Tanuri ikiwa na ombwe kali mno wakati wa joto kuu, naitrojeni hutoroka na kuacha vitundu. Kwa hiyo mchomaji lazima aweke naitrojeni ya kiasi ndani ya tanuri ili ile iliyo kwenye kipande isione haja ya kutoka. Ama kweli, hata gesi hukaa pale inapokuta wenzake.

Na siku hizi matanuri mengi humalizia kazi kwa agoni yenye mgandamizo wa mara 50 hadi 100 ya hewa tunayovuta. Kobalti ikiwa bado majimaji, agoni hukibana kipande pande zote, na vitundu vilivyobaki hufungwa. Ni kazi ya gharama. Anayetaka kuuza rahisi huiacha.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mwaka 2009 nilikuwa nikifanya kazi katika karakana moja ambayo haina haja ya kutajwa. Tulikuwa tukikereza shafti za pampu na vipuri vya mashine za kukamua mafuta. Ncha zetu zilikuwa zikitoka kwa muuzaji mmoja, kisha bohari ikabadili, zikaanza kuja nyingine za bei ya chini, rangi ileile ya dhahabu juu, umbo lilelile, kikasha kizuri kuliko cha kwanza. Miongoni mwetu alikuwapo kijana mkerezaji, hodari, mwenye miaka mitatu kazini, aliyekuwa akimlipia mdogo wake ada ya sekondari. Wiki ya kwanza alivunja ncha nne. Wiki ya pili, sita. Hazikulika kama inavyolika ncha iliyofanya kazi. Pembe ilikatika ghafla, wakati mwingine kabla shafti haijamaliza urefu wa shubiri moja.

Karakana ilikuwa na kanuni: anayevunja hulipa. Msimamizi akaandika, na mshahara ukakatwa.

Fedha ilimuuma, lakini kuna kitu kilichoniuma mimi zaidi nilipomtazama. Alianza kuiogopa mashine. Mwendo akaupunguza mpaka kazi ya saa moja ikawa ya saa mbili, akaambiwa ni mvivu. Mkono wake uliokuwa ukishika gurudumu la kusogezea kama mtu anayeshika mkono wa rafiki, ukawa mgumu. Siku moja wakati wa chai nilimsikia akimwambia mzee wetu, mkerezaji mkuu wa karakana:

"Shikamoo, mzee. Labda mkono wangu ni mzito. Labda kazi hii si yangu."

"Marahaba, mwanangu," mzee akajibu. "Mkono huo nimeufundisha mimi. Kama ni mzito, basi ni wangu. Niletee hiyo ncha."

Mzee akaifunga kwenye mashine yake mwenyewe, kwa shafti ya chuma kilekile, mwendo uleule, kina kilekile cha mkato. Sote tukasimama kuangalia. Haikupita dakika tatu pembe ikaruka ikagonga kinga ya kioo. Msimamizi alipoelezwa, alisema macho ya mzee nayo yamechoka. Mzee hakujibu neno. Aliokota kile kipande, akakifunga kwenye karatasi, akanipa mimi, kwa kuwa alijua nina rafiki katika maabara ya metali ya chuo kimoja.

Nilipeleka vitatu vilivyovunjika na kimoja kizima cha muuzaji wa zamani. Kuving'arisha kulituchukua jioni mbili, maana kitu kilichoumbwa kukata chuma hakisuguliki ila kwa unga wa almasi. Kisha tukavitazama kwa hadubini iliyokuza mara 100. Kile cha zamani kilikuwa kijivu tupu, tulivu, hakina la kusimulia. Vile vipya vilikuwa na matundu meusi yaliyotapakaa kama uso ulioguguwa na tetekuwanga. Rafiki yangu akavipaka dawa inayotumiwa kutafuta ile eta, na mara visiwa vikubwavikubwa vikajitokeza vikiwa vimegeuka rangi. Kaboni ilikuwa imepungua, na tanuri haikuufunga mwili wa kipande.

"Hizi," akasema, "zilikuwa zimekwisha kuvunjika kabla hazijapanda meli."

Nimelirudia neno lake mara nyingi. Ile ncha ilishindwa mbali na kwetu, kwenye tanuri ambayo kijana yule hataiona maisha yake, siku ambayo mtu fulani aliharakisha nta, au alibana matumizi ya gesi, au alitumia unga uliokaa wazi. Lakini lawama haikuandikwa siku hiyo. Ilisafiri baharini ndani ya kikasha kizuri, ikapokewa bohari, ikatiwa saini, na ilipofika kwenye mkono wa mwisho ndipo ikapata jina la mtu.

Tuliandika maelezo ya kurasa mbili tukaweka na picha. Ilisaidia. Makato yalisimamishwa, na kikasha kilichobaki kikarudishwa kwa muuzaji. Fedha iliyokwisha kukatwa haikurudi. Tuliambiwa hesabu za mwezi zimefungwa. Kijana alichukua majuma kadhaa kabla ya kurudisha mwendo wake wa zamani. Sasa ana mashine yake mwenyewe na wanafunzi wawili, nami nafurahi, ila sisemi mambo yalimalizika vizuri. Angelikuwa hana mzee wa kumwambia "mkono huo ni wangu", angeacha ufundi akiamini jambo la uongo kuhusu nafsi yake. Wangapi wameacha hivyo?

Na tukiifuata njia ya ncha nyuma zaidi ya tanuri, tutakuta watu wanaosema lugha yetu. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, zaidi ya nusu, huchimbwa Kongo, katika nchi ya Katanga ya zamani, pande za Kolwezi na Likasi, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya mgodi. Siku hizi nyingi ya kobalti hiyo huenda kwenye betri, lakini ncha zetu nazo hudai fungu lao. Rwanda huchimba wolframu, yaani madini ya tangsteni, katika mgodi wa Nyakabingo na kwingineko. Hao nao ni mikono, na kwao pia shimo likibomoka, ni rahisi kusema mchimbaji hakuwa mwangalifu kuliko kuuliza ni nani aliyetaka jiwe liwe rahisi. Hata wanaonoa vipande hivi kwa jiwe wamo hatarini: vumbi la kabaidi pamoja na kobalti huharibu mapafu, na mwenye kukohoa huambiwa amevuta sigara nyingi.

Sisemi kwamba mkerezaji hakosei. Ncha huvunjwa na kishikio kilicholegea, na mkato mkubwa mno, na shafti isiyokaa katikati. Viwandani wanaojali hawahukumu kwa kutazama tu. Huipima ncha kwa sumaku, kwa kuwa kobalti huvutwa na sumaku, na kwa nguvu ya mvuto huo hujua kama kaboni imepungua, na kwa namna inavyoipoteza sumaku hujua punje zina ukubwa gani. Yote hayo bila kuivunja. Ni kipimo cha dakika chache. Wamekubali kulipia kifaa hicho ili wasiufanye mkono wa mteja kuwa ndio maabara yao.

Sisi wa karakana ndogo hatuna kifaa hicho, lakini tuna namba. Kwenye kila kikasha cha ncha zilizotengenezwa na watu wenye haya huwa pamepigwa namba ya fungu, inayoonyesha ni ya uokaji upi. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu sasa huwaonyesha namba hiyo kabla sijawafundisha mwendo wala kina cha mkato. Tuna daftari. Ncha ikivunjika, huandika namba ya fungu kwanza, halafu chuma, halafu mwendo, na jina la mkerezaji huja mwisho kabisa. Mafungu mawili tumekwisha kuyakataa kwa ushahidi wa daftari hilo, na hakuna aliyekatwa mshahara.